Shukrani za Shemeji Amosi

Shemeji yangu Amosi ni mtu mwema, na wema wake umetuponza. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na mengine nitaonekana namsema vibaya, na sivyo. Amekaa na dada yangu Rozalia miaka mingi bila kumnyanyulia mkono, na hapa Buzebazeba, Kigoma, hakuna anayeweza kusimama akasema Amosi alimdhulumu hata kichwa cha samaki. Anavua katika mtumbwi wa mtu mwingine. Tangu ujana wake anavua katika mitumbwi ya watu wengine. Mwenye mtumbwi akimgawia fungu lake, hata likiwa fungu la kutia aibu, Amosi hulipokea kwa mikono miwili, akainama, akapiga makofi ya taratibu ya heshima kama wazee wetu wa Kiha walivyotufundisha, akasema, "Mwakoze." Asanteni. Kisha anakwenda nyumbani na vile visamaki vyake.

Mimi siko hivyo. Mimi, Leonida, nauza dagaa sokoni Kibirizi, na mnunuzi kutoka Kongo akikaa nami kubishania gunia anaweza kuagiza chai, akainywa, akaagiza nyingine, na bado tuko pale pale kwenye bei. Rozalia naye ni vivyo hivyo. Anaanika dagaa kwenye vichanja vya watu na vyake viwili, na ukimtajia bei ya kijinga hakujibu, anakugeuzia mgongo na kuendelea kugeuza dagaa zake. Ndiyo maana jambo hili linanikaba. Ukoo mzima unaishi kwa kutaja bei, halafu siku mtoto wetu alipoulizwa anataka alipwe nini, alikosa la kusema.

Hapana, hakukosa. Afadhali angekosa. Alisema, "Chochote mtakachonipa nitashukuru."

Mtoto mwenyewe ni Stephania, kifungua mimba wa Rozalia. Alisoma uhasibu mpaka akapata stashahada, na katika darasa lake alikuwa pamoja na Elinipa, binti wa afisa mmoja wa benki aliyehamishiwa huku kutoka Same na familia yake. Walikuwa marafiki, na bado ni marafiki. Elinipa mwenyewe husema mbele za watu kwamba bila Stephania kumwelekeza asingefaulu. Walipomaliza wakaomba kazi pamoja kwenye kampuni inayofungasha dagaa na kupeleka Dar es Salaam na nje ya nchi. Wakaitwa siku moja, wakahojiwa na bosi mmoja, Bwana Wilfred, wakachukuliwa wote kwa kazi ile ile. Meza zao zinatazamana.

Sasa nyumbani kwetu, mtoto akienda kwa mkubwa akaulizwa, "Nikupe nini?" anatakiwa aseme chochote. Akitaja kitu, ni mlafi, na aibu inamrudia mama yake. Stephania alifundishwa hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Bwana Wilfred alipomuuliza, alifanya kama alivyolelewa, akarudi nyumbani akawasimulia wazazi wake jibu lake, nao wakafurahi kwamba mtoto hakuwaaibisha.

Mimi wakati huo nilikuwa Bujumbura na mzigo. Ningekuwepo, yaliyofuata ningeyazuia hata kwa kulala mlangoni. Amosi alisema haiwezekani mtu akupatie mtoto wako kazi halafu usiende kumshukuru. Wakafunga safari, yeye na mkewe, na jogoo, na samaki kuhe mkubwa ambaye hata wao walikuwa hawajamla mwaka ule, na dumu la mawese. Wakaingia navyo ofisini, jogoo analia kwenye viti vya wageni. Amosi akapiga magoti mbele ya meza ya Bwana Wilfred, ambaye kwa umri angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, akasema, "Bosi, tumekuja kushukuru. Huyu sasa si mtoto wetu tena, ni mtoto wako. Akikosea, mchape. Mtume popote. Sisi yetu tumemaliza."

Bwana Wilfred alifurahi sana. Nani asingefurahi? Mtu yuko mbali na kwao, hana ndugu Kigoma nzima, anapewa jogoo na mtoto siku moja.

Toka hapo Elinipa ofisini akawa mhasibu, na Stephania akawa "binti yangu". Wakija wageni, "binti yangu, tuletee chai." Hesabu zikichelewa na watu wakitaka kwenda nyumbani, "aah, binti yangu atabaki kuzimalizia." Mwenzake akiitwa kwenye kikao, yeye anaitwa kushika mtoto wa mgeni. Na hakuna ubaya wowote ndani yake, hilo ndilo linalonitia wazimu. Yule bwana anampenda. Anamuuliza habari za baba, habari za ziwa, anampa pole mafua yakimshika.

Mwaka wa kwanza ukapita hivyo. Mshahara wa Stephania tuliuona mkubwa, kwa sababu hatukuwa na wa kuulinganisha nao. Siku za mbalamwezi, taa zinaposhindwa kuvuta dagaa na mitumbwi inalala ufukweni, nyumba ilikula mshahara huo. Miezi ile ziwa lilipofungwa kupumzisha samaki, nyumba ilikula huo huo, pamoja na dawa za presha za bibi yao. Elinipa, mshahara wake ni wake mwenyewe. Anakaa kwa baba yake, anakula kwa baba yake, na anajiwekea akasome shahada.

Halafu Dainess, mdogo wake Stephania, akamaliza kidato cha nne vizuri, akachaguliwa chuo cha uuguzi Kasulu. Mtoto huyo tangu akiwa mdogo anawafunga vitambaa kuku waliovunjika miguu. Stephania akamwahidi: nenda, mimi nitakulipia. Ada ilipojulikana, tukaona haifiki hata tukijibana vipi. Lakini mwezi ule mikataba ilikuwa inaisha, na mipya ingesainiwa ya miaka mitatu. Stephania akasema huenda bosi ataongeza.

Sijui kama angejua ukweli kama si ugali wa mama lishe. Elinipa alikuwa analalamika huku anakula samaki wake wa mgebuka kwamba mshahara hautoshi, akautaja. Ulikuwa mara mbili ya wa Stephania, na bado unabaki.

Siku hiyo Stephania hakwenda nyumbani. Alinifuata Kibirizi, akasimama kwenye kichanja na viatu vyake vya ofisini vimejaa mchanga. Nilidhani bibi amefariki.

"Mama mdogo," akaniuliza, "hivi wewe ukiuza dagaa, unajuaje bei ya kwanza ya kutaja?"

"Unataja ile inayokutia aibu kuitaja," nikamwambia. "Halafu unanyamaza. Anayeongea kwanza baada ya hapo ndiye anayepunguza."

Akaanza kulia. Wachukuzi wakawa wanatupita na magunia yao wanatutazama.

"Baba yake Elinipa alimwambia hivyo hivyo," akasema. "Walifanya mazoezi mezani, mama mdogo. Baba yake anajifanya bosi, yeye anajibu. Elinipa alidhani na mimi nilifanya mazoezi na baba. Alidhani watu wote wanafundishwa kwao."

Nilikaa kwenye gunia. Jambo lenyewe nilikuwa nalo! Nimekuwa nalo tangu nianze biashara, na mama yake analo, na wanawake wote wa Kibirizi wanalo, na ilitosha mmoja wetu kumwambia mtoto asubuhi ile ya usaili. Lakini tulilijua kwa dagaa. Kwa mtu halikutujia, na hata ningekuwa sijaenda Bujumbura sina hakika kama lingenijia mimi.

Nikamwambia aende mwenyewe akadai. Akanitazama kama nimemwambia amtukane padri.

"Nitaanzaje? Ananiita binti yangu. Nikidai, ataona baba alimdanganya. Baba ndiye aliyenikabidhi, baba ndiye wa kusema."

Kwa desturi zetu alikuwa sahihi. Nikaenda kumsumbua Amosi. Nilimsumbua asubuhi akitoka ziwani, nikamsumbua jioni akitengeneza nyavu, mpaka Rozalia akaniambia nitamuua mume wake. Alichokuwa anasema ni kimoja: "Shemeji, mtu amenipa, nirudi nimwambie hakunipa vya kutosha?" Nikamtaja Dainess. Nikamtaja tena. Mwishowe akakubali, kwa masharti: tusiende ofisini kumwaibisha mtu mbele ya watu wake, na maneno niyaseme mimi, kwa kuwa yeye hayatamtoka. Sharti jingine, tusiende mikono mitupu. Hapo tuligombana kweli kweli. Nikamwambia tangu niumbwe sijaona mtu anayekwenda kudai huku amebeba zawadi. Tukaenda sisi watatu, Rozalia naye, na kuhe wawili.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Stephania alikuwa kazini, kama Jumamosi zote, kwa hiyo tuliona ni vizuri, hatakuwepo kuona aibu. Bajaji ikatupandisha mpaka kwenye zile nyumba za juu zinazotazama ziwa. Bwana Wilfred akatupokea getini mwenyewe, amevaa kaptula, anacheka.

"Shikamoo mzee!" akamwamkia Amosi.

"Shikamoo bosi," Amosi naye akasema wakati ule ule, na salamu zote mbili zikabaki bila kuitikiwa.

Tukakaa. Amosi alikalia ncha ya kochi, kofia mkononi. Mke wa Bwana Wilfred akatusalimia, mama mchangamfu, akatuambia kesho ana wageni wa kipaimara cha mtoto wake na nyumba yote iko juu chini. Akaita kuelekea jikoni, "Leta chai, kuna wageni!"

Aliyetoka na sinia ni Stephania. Alikuwa amejifunga kanga, mikono imelowa, ana unga wa maandazi kwenye nywele. Diploma yake ya uhasibu iko nyumbani kwao Buzebazeba, imetundikwa ukutani juu ya kitanda cha wazazi wake.

Alisimama pale akitutazama mmoja mmoja. Kisha akapiga magoti, akamwekea baba yake kikombe. Akamwekea mama yake. Cha mwisho akaniwekea mimi.

"Binti yenu ni hodari," mama mwenye nyumba akasema. "Jumamosi bila yeye sijui ningefanyaje."

Rozalia alikuwa anatazama miguu yake. Jumamosi zote zile tulikuwa tunamsifu kwa majirani kwamba mtoto anafanya kazi mpaka mwisho wa wiki.

Hasira ikanisaidia kuanza. Nikasema, na nilisema vizuri, maana maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Nikasema, Bwana Wilfred, tunakushukuru, ila mtoto wetu na Elinipa walisoma pamoja, waliingia pamoja, wanafanya kazi moja, na mwenzake anapata mara mbili yake. Mikataba mipya inakuja. Tunaomba uwaweke sawa. Halafu nikanyamaza, kama ninavyonyamaza Kibirizi.

Alinijibu kwa upole. Ningependa kusema alifoka, lakini hakufoka.

"Mama, sijamdhulumu mtu. Niliwauliza wote swali moja. Elinipa alitaja chake, tukavutana, tukapatana. Stephania akaniambia chochote. Na sasa si mimi tena, ni wakubwa wa Dar. Wao wanatazama mtu alikuwa analipwa nini, wanaweka kidogo juu yake. Atakuwa anapanda, lakini anapandia pale alipoanzia."

"Kwani hukujua kwamba kazi ni moja?"

"Nilijua." Akakuna kidevu. "Lakini mama, wewe ni mfanyabiashara. Mtu akikuletea dagaa nzuri, akakuambia nipe chochote, wewe unampa bei ya juu?"

Nilifungua mdomo. Wote walikuwa wananingoja. Stephania amesimama na sinia tupu kwenye mlango wa jikoni, ananitazama mimi tu, na nikajua kwamba nikidanganya itaonekana usoni. Simpi bei ya juu. Sijawahi kumpa mtu. Nimenunua dagaa nyingi sana kwa wanawake waliosema nipe chochote, wake wa wavuvi wenye haya, wengine wakimbizi wasiojua bei ya soko, na nimekula vizuri kwa haya zao.

Amosi ndiye aliyeongea.

"Bosi, msamehe shemeji yangu. Maneno yake ni ya sokoni. Hatukuja kudai, tulikuja kukusalimia." Akawasogeza wale samaki wawili mbele kidogo kwa mguu, ndani ya mfuko wao.

Bwana Wilfred alionekana kuona huruma. Ndiyo, huruma, nilimwona. Alitaka kutupa kitu na alikuwa anatafuta nini. Na dada yangu akamrahisishia.

"Shida yetu ni mdogo wake, bosi," Rozalia akasema kwa sauti ndogo. "Dainess. Amepata chuo cha uuguzi na ada hatuna. Ndilo lililotuleta."

"Kumbe! Sasa kwa nini hamkusema tangu mwanzo?" Uso wake wote ukafunguka. "Mleteni! Nina nafasi upande wa kuchambua dagaa. Aanze Jumatatu. Chuo hakikimbii, atakwenda mwakani akishajipanga. Nitamtunza kama ninavyomtunza dada yake."

"Bosi," Stephania akasema pale mlangoni.

"Usijali, binti yangu. Mtakuwa wote hapa."

Nilimtazama Stephania. Nilikuwa namwomba kwa macho: sema, sema wewe, una elimu, una kinywa. Lakini yeye alikuwa hanitazami tena. Alikuwa anamtazama baba yake. Amosi alikuwa ameteremka kwenye kochi, yuko magotini kwenye zulia la watu, ameinamisha kichwa, anapiga makofi yale ya taratibu. Machozi yalikuwa yanamtoka. Miaka yote ile ya kuvulia watu, na leo mkubwa amemfanyia jambo ambalo hata hakuliomba. Ni nani angemnyanyua pale, amwambie hapana, hii hatuitaki? Mimi nilishindwa. Mwanawe akashindwa. Tukamaliza chai.

Stephania hakutoka nasi. Vyombo vilikuwa bado.

Njiani Amosi alikataa bajaji, akasema mwili mwepesi, tutembee. Alitembea mbele yetu akiongea peke yake, anahesabu neema: wawili sasa, watoto wawili kwenye kampuni moja, siku za mbalamwezi hazitatutisha tena. Kila aliyemjua alisimama kumsimulia. Sisi wanawake tulikuwa nyuma. Rozalia aliniuliza mara moja tu, "Nimekosea?" Nikamwambia sijui, na sikuwa najua. Kama asingesema, tungerudi bila chochote, na ada ingekuwa ile ile.

Tulipofika Buzebazeba habari zilikuwa zimetutangulia. Majirani wametoka, mmoja akapiga vigelegele, mwingine akadakia. Dainess akatoka uani na sabuni mikononi, alikuwa anafua shuka za kupeleka chuoni, nikaziona kwenye kamba.

"Umepata kazi, mama!" Amosi akamwita kwa sauti ya watu wote kusikia. "Kwa bosi wa dada yako! Jumatatu!"

Mtoto akatabasamu kwanza, kwa kuwa watu wote walikuwa wanatabasamu. Kisha akatazama nyuma yetu, barabarani, akatafuta, akamuuliza mama yake dada yuko wapi. Rozalia akasema yuko kazini. Dainess akanitazama mimi. Hata sasa sijui uso wangu ulikuwaje, ila aliusoma, maana tabasamu likamwisha kidogo kidogo na akageuka kuzitazama zile shuka.

Vigelegele vikaendelea. Baba yake alikuwa bado amesimama mbele yake, kofia mkononi, anangoja. Dainess akafuta sabuni kwenye sketi, akapiga magoti vumbini, akamshukuru.